Vena Hukatwa Mwisho

Vena za juu ya ubongo kwa kawaida ni za buluu iliyokolea. Damu iliyomo imeshatoa oksijeni yake na inarudi moyoni pole pole. Lakini daktari bingwa akishafungua fuvu la mtu mwenye AVM, yaani fundo la mishipa ya damu ubongoni, na kuukunja pembeni utando mgumu unaoufunika ubongo, anachokiona kwanza chini ya hadubini ni vena nyekundu. Ni nene, imejipindapinda, na inadunda sawasawa na moyo, jambo ambalo vena haitakiwi kulifanya. Wekundu ule unamwambia daktari kila kitu: damu imefika njia ya kurudi kabla haijafanya kazi iliyotumwa.

Ugonjwa wenyewe ni wa kukosekana kitu. Kwa mtu wa kawaida ateri hugawanyika, matawi yakagawanyika tena, mpaka kufikia kapilari, vijishipa vyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita humo moja baada ya nyingine. Katika kugawanyika huko ndiko msukumo wa moyo unakopunguzwa makali. Penye AVM kapilari hazipo. Ateri zinamwaga damu moja kwa moja kwenye vena kupitia fundo la mishipa iliyosokotana, na vena, ambayo ukuta wake haukuumbwa kwa kazi hiyo, inapokea shinikizo lote. Ni sawa na kuelekeza mto uliofurika kwenye mfereji wa kumwagilia mchicha. Mfereji unaweza kustahimili miaka ishirini, au hata themanini. Unaweza pia kubomoka kesho saa nne asubuhi, mwenyewe akiwa ndani ya daladala.

Upasuaji wa kuliondoa fundo hilo una sheria moja ambayo wanafunzi hufundishwa kabla ya kushika kisu: ateri kwanza, vena mwisho. Kuitamka ni rahisi. Kuifuata ni kazi, kwa sababu vena ndiyo iliyo juu, ndiyo inayoziba njia, ndiyo inayotisha. Mkono wowote ungetamani kuanza na hiyo. Lakini ukiifunga wakati ateri bado zinaleta damu, damu hiyo haina pa kutokea, na fundo linavimba na kupasuka mbele ya macho yako. Kwa hiyo daktari anaiacha. Anaizunguka kwa saa nyingi, akiilinda isichubuke, akishuka taratibu kandokando ya fundo mahali lilipopakana na ubongo mzima. Mara nyingi mpaka huo una ukanda mwembamba wa kovu, wa rangi ya manjano, alama ya damu iliyowahi kuvuja kidogo zamani bila mtu kujua. Kovu hilo ni msaada mkubwa. Ndani yake anaweza kupita bila kuumiza kinachofanya kazi.

Ateri kubwa za juu si tatizo: anazibana kwa kibanio cha chuma, anazikausha kwa kibano cha umeme, anazikata. Taabu iko chini, karibu na vyumba vya maji ya ubongo. Huko kuna vijishipa vyenye kuta nyembamba mno, visivyokubali kuungua na kuziba. Ukikigusa kimoja kwa umeme kinakatika na kurudi ndani ya ubongo huku kinavuja, na inabidi kukifuata hukohuko. Madaktari walioandika juu ya operesheni hizi husema hapo ndipo siku huharibika, saa ya tano au ya saba, wakati mikono imechoka na kila mtu chumbani anaamini kazi kubwa imekwisha.

Kisha ateri ya mwisho inafungwa, na vena inabadilika. Wekundu unafifia, inakuwa ya zambarau, halafu buluu. Inalegea. Daktari mwangalifu huibana kwanza kwa kibanio cha muda na kusubiri: fundo likianza kujaa, kuna ateri aliyoisahau. Likibaki limenywea, anaikata, na kitu kizima kinatoka.

Nimeeleza hatua hizi kwa urefu kwa sababu utaratibu wake unanishangaza kuliko ujasiri wake. Chenye hatari kuliko vyote ndicho kinachotunzwa muda mrefu kuliko vyote. Na si mezani tu. Habari nzima ya AVM, tangu anayeitibu hadi anayeishi nayo, ni habari ya kupima nini kifanywe sasa, nini kingoje, na miaka ya nani inatumika kulipia.

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa: kila kitu kingoje. Mwaka 1928 zilichapishwa kazi mbili kubwa Marekani, moja ya Harvey Cushing akiwa na Percival Bailey kutoka Boston, nyingine ya Walter Dandy wa Johns Hopkins, Baltimore. Cushing na Dandy hawakupikika chungu kimoja. Ugomvi wao ni maarufu katika historia ya udaktari. Ila juu ya mafundo haya waliafikiana kwamba kuyakata ni hatari ya kupita kiasi. Wao ndio waliokuwa mabingwa wa dunia wakati huo, tena walikwishayafungua mafuvu wakakutana na vena zile nyekundu bila kuzitarajia. Sioni woga katika msimamo wao. Walikuwa wakifanya kazi bila picha za mishipa, bila hadubini, kukiwa na uwezo mdogo wa kurudisha damu iliyopotea.

Picha zilikuwa njiani. Mwaka mmoja nyuma, 1927, Mreno Egas Moniz alikuwa ameingiza dawa inayoonekana kwa eksirei kwenye ateri ya shingoni, akaipiga picha ikipanda kichwani. Kwa mara ya kwanza mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai ilionekana bila kufungua kichwa. Moniz alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1949, lakini si kwa hili. Aliipata kwa operesheni ya kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo kwa wagonjwa wa akili, ambayo leo hospitali zinaionea aibu. Kamati ilikuwa na kazi mbili za mtu mmoja mkononi, ikaitunuku ile iliyoharibu watu.

Mwaka 1932 Herbert Olivecrona wa Stockholm aliliondoa fundo zima, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa na wagonjwa wa kutosha kuonyesha kwamba haikuwa bahati. Baadaye akaja Gazi Yaşargil, mzaliwa wa Lice, Uturuki, aliyekuwa akifanya kazi Zürich. Katikati ya miaka ya 1960 alivuka bahari hadi Burlington, Vermont, kwenye maabara ya Peardon Donaghy, akajifunza kushona chini ya hadubini mishipa yenye upana wa milimita moja hivi. Aliporudi Uswisi upasuaji wa ubongo ulikuwa umebadilika, ingawa wenzake wengi walichelewa kukubali. Alifariki mwaka 2025 akikaribia kutimiza miaka 100.

Mtu ambaye AVM yake imeshapasuka hana mjadala mrefu. Amevilia damu ubongoni, amenusurika, na uwezekano wa kupasuka tena umepanda. Mzito ni mjadala wa yule ambaye haijapasuka: alipigwa picha kwa ajili ya maumivu ya kichwa au ajali ya pikipiki, akaambiwa kuna kitu. Anajisikia mzima. Anaulizwa kama anataka kufunguliwa kichwa.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba AVM hupasuka kwa asilimia 2 hadi 4 kwa mwaka, pungufu ya hapo kama haijawahi kupasuka. Asilimia 2 haimtishi mtu. Lakini ni kila mwaka. Madaktari wana hesabu ya haraka ya kukadiria hatari ya maisha yote: toa umri wa mgonjwa kwenye 105, jibu ni asilimia. Binti wa miaka 25 anapata 80. Babu wa miaka 70 anapata 35. Fundo ni lilelile, pengine na mahali ni palepale. Kinachotofautiana ni miaka iliyobaki. Kijana ndiye tajiri wa miaka, na kwa hiyo ndiye mwenye hatari kubwa. Hesabu hii ni ya kukisia, lakini inasema jambo ambalo picha haisemi.

Upande wa pili wa mizani ni hatari ya kisu chenyewe. Mwaka 1986 Robert Spetzler na Neil Martin walichapisha kipimo kinachotumika hadi leo. Ukubwa: chini ya sentimita 3 alama moja, 3 hadi 6 mbili, zaidi ya hapo tatu. Mahali: kama ni sehemu ambayo ikiguswa mtu hupoteza usemi, macho au nguvu za mkono, ongeza moja. Vena: zikielekea kilindini, ongeza moja tena. Jumla ni kati ya 1 na 5. Daraja la 1 na la 2 kwa kawaida hukatwa na wengi hupona vizuri. La 4 na la 5 kwa kawaida huachwa. La 3 ni la mabishano. Ninapenda kwamba kipimo hiki kinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Vipimo vilivyokuja baadaye vyenye jedwali kubwa havijakiondoa.

Kisu si njia pekee. Kuna tiba ya miale, aliyoibuni Lars Leksell pale Stockholm na ambayo tangu mwaka 1970 imeelekezwa kwenye mafundo haya: mamia ya miale myembamba inakutana penye fundo, kuta za mishipa zinanenepa taratibu hadi zinaziba. Inafaa kwa mafundo madogo, haifungui kichwa, na inachukua miaka miwili hadi mitatu. Katika miaka hiyo fundo bado linaweza kupasuka. Kuna pia mrija mwembamba unaoingizwa kinenani na kupandishwa hadi ubongoni, ukamwaga gundi ndani ya fundo. Wazo hilo lilianza Washington mwaka 1960, Alfred Luessenhop aliposukuma vipira vidogo vya plastiki kwenye ateri ya shingo, akitegemea kasi ya damu ivifikishe penyewe. Gundi peke yake huponya wachache. Mara nyingi huwa maandalizi ya kisu.

Utafiti ulioitwa ARUBA ulijaribu kuumaliza mjadala. Watu 223 wenye AVM zisizowahi kupasuka waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine watibiwe fundo, wengine wapewe dawa za dalili tu na kuachwa. Mwaka 2013 ulisimamishwa kabla ya muda wake. Baada ya wastani wa miezi 33, waliopata kiharusi au kufariki kati ya walioachwa walikuwa asilimia 10. Kati ya waliotibiwa, karibu 31. Matokeo yalipotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2014, madaktari wa upasuaji walikasirika. Walisema waliopasuliwa ndani ya utafiti walikuwa wachache, wengi walipewa miale au gundi, matibabu tofauti yakatiwa kapu moja. Na walisema miezi 33 si kitu.

Hili la mwisho ndilo lililonikaa. Anayetibiwa hulipa gharama yake yote mwanzoni: hatari ya kisu iko wiki ile ya kisu. Anayeachwa hulipa kidogo kidogo hadi kufa. Ukifunga hesabu kwenye mwezi wa 33, lazima aliyelipa mapema aonekane amepata hasara. Lakini siwezi kuwapuuza ARUBA pia. Mtu aliyepooza mkono leo kwa ajili ya damu ambayo ingevuja akiwa na miaka 64, au isingevuja kabisa, amepoteza mkono kwa miaka arobaini. Hakuna takwimu inayoweza kumwambia alikuwa kundi gani. Kwa daraja la 1 na mgonjwa kijana ningechagua kisu, na nimewasikia wanaojua zaidi wakisema hivyohivyo. Kwa daraja la 4 ambalo halijapasuka ningenyamaza na kuomba Mungu.

Fundo likipasuka lenyewe, halichagui siku. Desemba 2006, Seneta Tim Johnson wa South Dakota alianza kukokota maneno akizungumza na waandishi kwa simu. Saa chache baadaye alikuwa mezani, Hospitali ya Chuo Kikuu cha George Washington. Upande wa chama chake ulikuwa umeshinda viti 51 dhidi ya 49 katika Seneti, na gavana wa jimbo lake, ambaye ndiye angeteua mrithi, alikuwa wa chama cha pili. Mizani ya Seneti nzima ilining'inia kwenye vena moja. Johnson alirudi bungeni Septemba 2007 akizungumza taratibu, na mwaka uliofuata wakamchagua tena.

Kwetu kijana wa miaka ishirini akianguka ghafla na upande mmoja kulegea, wa kwanza kulaumiwa ni presha, wa pili ni jirani. Kama kabla ya hapo alikuwa na kifafa, njia ya kwa mganga imeshakanyagwa na nyasi hazioti tena. Picha ya kichwa ni gharama, na AVM nyingi hujulikana zikiwa zimeshapasuka. Hata hivyo wanaotaka kujua nani aliyemfanyia mwana wao wana jibu la karibuni. Zamani ilisemwa mtu huzaliwa nayo, basi. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba mafundo mengi hubeba badiliko la jeni iitwayo KRAS, jeni ileile inayoharibika katika baadhi ya saratani, na badiliko hilo limo ndani ya fundo tu. Halimo kwenye damu ya mgonjwa. Hakulirithi kwa mama, wala kwa ukoo wa baba. Nimeona ndoa zikiyumba kwa kukosa jibu kama hilo. Na Dar es Salaam, kwenye taasisi ya MOI ambayo wengi wanaijua kwa mifupa iliyovunjika, mafuvu yanafunguliwa na mirija inapandishwa kichwani kutoka kinenani.

Wala tusijidhanie ni sisi tu tunaompeleka mgonjwa mlango usio wake. Pat Martino alizaliwa Philadelphia mwaka 1944 na kufikia miaka 15 alikuwa akipiga gitaa kwa malipo. Mwaka 1967 alitoa albamu yake ya kwanza, El Hombre. Wapenzi wa jazi walimfahamu kwa sauti zinazotoka kama mvua, kila moja imesimama peke yake. Alikuwa na kifafa. Mwaka 1976, jukwaani Ufaransa, mikono ilisimama katikati ya wimbo. Madaktari walimwita mgonjwa wa akili, wakampa majina ya maradhi tofauti tofauti, wakampitisha umeme kichwani. Hayo yalitokea Marekani, nchi ya Cushing na Dandy, miaka karibu hamsini baada ya maandiko yao. Mganga wetu angalau angempa mavumba.

Mwaka 1980 fundo lilivuja. Alikuwa Los Angeles akifundisha. Alirudi Philadelphia kwa wazazi wake, na Frederick Simeone akamfungua kichwa. Fundo lilikuwa nyuma ya panja la kushoto. Ripoti iliyoandikwa juu yake mwaka 2014 inasema lilipotoka, karibu asilimia 70 ya sehemu hiyo ya ubongo ilitoka nalo.

Alipozinduka hakuwafahamu wazazi wake. Gitaa halikumwambia kitu. Waliomleta nyumbani walikuwa watu wema wasiojulikana, na nyumba ilikuwa ya watu. Baba yake, aliyempeleka kwenye muziki tangu utotoni, alifanya alilolijua: alipiga sahani za santuri za mwanawe. Martino alieleza jinsi alivyolala chumbani juu, akizisikia kupitia sakafu na kuta, na jinsi zilivyomuumiza. Zilikuwa zinamdai awe mtu ambaye hakumkumbuka. Ninamwelewa baba pia. Mwanaye alikuwa hai, amelala ghorofani, na wakati huohuo yuko kwenye sahani, anapiga gitaa, ana miaka 22.

Alilishika gitaa tena, mwanzoni kama kitu cha kuchezea tu. Vidole vilikumbuka kabla ya mwenyewe. Alisikiliza sahani zake kama mwanafunzi anavyomsikiliza mwalimu aliyekwishakufa, akajifunza kwa Pat Martino kupiga kama Pat Martino. Ilichukua miaka. Mwaka 1987 alirekodi mbele ya watu, New York, albamu akaiita The Return.

Toa umri wake wa mwaka 1980, 36, kwenye 105: unapata 69. Lakini yeye hesabu hiyo ilikuwa imeshampita, fundo lilikwisha kuvuja, na hakuna aliyempa nafasi ya kuchagua kati ya kisu na kusubiri. Alilipa kwa utoto wake, kwa sura ya mama yake, na kwa miaka saba ya kazi. Alipata miaka 41. Alipiga gitaa hadi mapafu yalipomkatalia mwaka 2018, na alifariki Novemba 2021. Wanaomjua kwa sahani bado wanabishana kama mpigaji wa The Return ni yuleyule wa El Hombre, na nimezisikiliza zote mbili nikabadili upande zaidi ya mara moja. Mwenyewe ubishi huo haukumvutia. Kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2011, alikiita Here and Now!